Tarehe Sita ya Kila Mwezi

Nianze na kosa langu, maana nikianza na la kompyuta nitajitetea, na kujitetea nakujua kuliko kazi yangu. Mimi ni fundi wa tovuti. Kwa miaka kumi na moja watu wamekuwa wakinipigia simu kusema kitu fulani hakifanyi kazi, na kwa miaka kumi na moja swali langu la kwanza limekuwa lile lile: "Umebonyeza nini?" Mara tisa kati ya kumi huwa kweli wamebonyeza wasipopaswa. Hizo mara tisa ndizo zilizonipa kiburi.

Kliniki ya macho iliyo nyuma ya posta ilikuwa mteja wangu wa zamani. Ni nyumba ya vyumba vitano, korido yenye mabenchi mawili marefu, na dirisha la mapokezi ambalo kioo chake hakifunguki mpaka ukipige ngumi pembeni. Nyuma ya dirisha hilo alikaa mwanamke mpole ambaye hasahau sura ya mgonjwa. Kila mtu, hata daktari, alimwita Dada wa Dirishani. Wagonjwa wa kawaida walifika wakapanga foleni, basi. Lakini mara mbili kwa mwaka, mwezi wa sita na mwezi wa kumi na mbili, alikuja daktari bingwa, yule anayetibu presha ya macho kwa mionzi, akakaa siku tano tu. Wagonjwa wake ilibidi waandikishwe mapema.

Kwa ajili hiyo nilipachika kalenda kwenye tovuti ya kliniki. Ni kijiprogramu kilichotengenezwa na watu nisiowajua. Unakichukua mtandaoni, unakipachika, kinafanya kazi. Mgonjwa anaandika jina na namba ya simu, kalenda inampa nafasi inayofuata, na tarehe yake inatokea kwenye skrini kwa herufi kubwa. Miaka mitatu hakuna aliyelalamika. Mwaka huu, Ijumaa moja ya mwezi wa nne, nikiwa na haraka ya kutoka, nikaona alama nyekundu ikisema kijiprogramu kina toleo jipya. Chini yake palikuwa na maelezo marefu ya yaliyobadilika. Sikuyasoma. Nikabonyeza, nikafunga kompyuta, nikaenda zangu. Jumatatu yake kliniki ikafungua uandikishaji.

Na Jumatatu hiyo hiyo, bila kuniambia, mjomba wangu akajiandikisha.

Mjomba ni kaka wa mama yangu, na ndiye aliyenilea mama alipofariki. Ni fundi cherehani. Kiwanda chake ni chumba cha mbele cha nyumba: cherehani mbili, meza ya kukatia ndefu kama kitanda, na ukutani karatasi za vipimo zimetundikwa kwenye misumari, vipimo vya mabega ya watu; wengine wameshakufa na mabega yao bado yananing'inia pale. Kompyuta yangu ya kwanza ilikaa kwenye ncha ya meza hiyo. Jioni alikuwa akifagia vipande vya uzi kutoka kwenye vitufe vyangu kwa brashi yake ya nguo, polepole, kama anamchana mtoto nywele. Nilipopata mteja wa kwanza alianza kuniita "fundi mwenzangu", na kila aliyeingia kupimwa suruali alilazimika kusikiliza kwanza habari za tovuti zangu.

Jicho lake la kushoto lilikuwa limeanza kufifia tangu mwaka uliopita. Kila asubuhi mke wake alimtungia uzi kwenye sindano kumi na kuzichomeka kwenye mto, ili mteja asijue kuwa fundi haoni tundu. Mimi nilikuwa nikienda pale kila Jumapili, nakula, nacheka, na sikuwahi kujiuliza sindano zote zile ni za nini. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Lakini na mimi nina macho mawili mazima, na sikuona.

Mwishoni mwa mwezi wa tano Dada wa Dirishani alinipigia.

"Dada yangu, samahani kukusumbua. Hii kalenda inanichanganya. Kuna mama yuko hapa, anasema amepewa tarehe sita mwezi wa kumi na moja."

"Kwako inasomekaje?"

"Kwangu iko sawa. Kumi na moja mwezi wa sita. Lakini jana mwingine aliniambia tarehe sita, mwezi wa tisa. Kila mtu ananiambia sita."

Mwenye akili angesimama hapo hapo. Kila mtu ananiambia sita: mgonjwa mwenyewe alikuwa amenielekeza kwa kidole mahali panapouma. Mimi nikamwambia asubiri. Nikaingia kwenye tovuti, nikaandikisha mgonjwa wa uongo kwa tarehe ya kesho yake, ishirini na saba, kisha nikaifungua kama mgonjwa angeifungua. Ikatokea: 27 Mei. Safi kabisa.

"Iko sawa," nikasema. "Wanasoma vibaya."

"Wote?"

"Ni wagonjwa wa macho, dada. Unategemea nini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alisema tu "haya", kwa sauti ya mtu aliyenyamazishwa, si ya mtu aliyeridhika, nami nikarudi kwenye kazi yangu nikiwa nimefurahi sana na mzaha wangu.

Jumatatu ya tarehe nane mwezi wa sita, saa nne asubuhi, simu ikalia tena. Daktari bingwa alikuwa amekaa tangu saa mbili. Kwenye orodha kulikuwa na wagonjwa kumi na wawili wa siku ile, na aliyefika alikuwa mmoja, aliyejiandikishia dirishani. Nilipoingia koridoni yale mabenchi mawili marefu yalikuwa matupu, na daktari amesimama mlangoni kwake anakunywa maji na kutazama saa. Dada wa Dirishani alinipisha kiti chake.

Safari hii sikuandika tarehe ya kesho. Niliandika nane mwezi wa sita. Skrini ikanijibu: 6 Agosti. Nikaandika tisa mwezi wa sita: 6 Septemba. Kumi: 6 Oktoba.

Jambo lenyewe ni dogo mpaka aibu. Toleo jipya lilikuwa limeanza kusoma tarehe kwa kutanguliza mwezi, kama wanavyoandika huko lilikotengenezwa. Likipewa nane na sita, linaona mwezi wa nane, siku ya sita. Nilipoliandikia ishirini na saba, lilitafuta mwezi wa ishirini na saba, likaukosa, likazigeuza namba lenyewe kimyakimya na kunipa jibu sahihi. Kwa hiyo lilikuwa likidanganya mwanzoni mwa mwezi na kusema kweli kuanzia tarehe kumi na tatu. Daktari bingwa alikuja tarehe nane hadi kumi na mbili. Upande wa Dada wa Dirishani namba zilionekana kama zilivyoandikwa, ndiyo maana kwake kila kitu kilikuwa sawa. Na yote hayo yalikuwa yameelezwa kwenye yale maelezo marefu ambayo sikuyasoma. Nilirekebisha kwa mstari mmoja. Dakika nne, ukihesabu na kupenga kamasi.

Dada wa Dirishani akachukua simu na kuanza kuwaita watu mmoja mmoja. Aliita siku nzima, na siku iliyofuata. Mpaka Ijumaa karibu wote walikuwa wameshafika. Daktari alibaki mpaka jioni kila siku kuwamaliza. Ijumaa hiyo dada akanipa kikaratasi chenye majina matatu.

"Hawa sijawapata," alisema. "Nimeandika pembeni kila mmoja alisema nini. Labda wewe utawapata kwa njia nyingine."

Nikakikunja, nikakitia kwenye mfuko wa kompyuta. Nilikuwa nimeshatengeneza. Kwangu mimi kitu kikishatengenezwa kimekwisha, watu waliobaki ni kazi ya mwingine. Jina la mjomba lilikuwa la tatu.

Sikulisoma hadi tarehe sita mwezi wa nane, siku Dada wa Dirishani aliponipigia na kusema kuna mzee koridoni amevaa koti, anasema yeye ni mjomba wangu.

Nilimkuta ameketi kwenye benchi, wima, kofia magotini. Alikuwa amevaa koti lake la harusi za watu. Mkononi alikuwa na daftari lake la vipimo, amelifungua kwenye ukurasa wa nyuma, na hapo, kwa chaki ya kuchorea nguo kwa sababu maandishi ya kalamu hayaoni vizuri, alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: 6 AGOSTI.

"Fundi mwenzangu!" alisema. "Afadhali umekuja. Hawa wananiambia daktari hayupo."

"Ilikuwa tarehe nane mwezi wa sita, mzee," Dada wa Dirishani akasema taratibu. "Nilikupigia siku ile ile. Nikakwambia kuna hitilafu."

"Ulinipigia, kweli. Na mimi nikakujibu kwamba hiyo tovuti imetengenezwa na mwanangu, haina hitilafu." Akalitazama daftari, akalisogeza karibu na pua, akalirudisha mbali. "Basi nilisoma vibaya. Macho haya! Nimeona mwezi mwingine kabisa. Nisamehe mama, nimewasumbua bure."

Nilifungua mdomo. Dada wa Dirishani alikuwa ananitazama kupitia kioo, wala hakunitazama kwa hasira; alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyeshika mlango, ukisubiri aingie ama atoke.

"Twende nyumbani, mjomba," nikasema.

Ndivyo nilivyosema. Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi tangu siku ile, nikijaribu kuyasikia kama huruma, na kila mara nasikia woga.

Nilikichomoa kile kikaratasi usiku huo huo. Pembeni ya jina lake palikuwa pameandikwa: *Amekataa. Anasema tarehe yake ameiona mwenyewe.*

Nilimpeleka hospitali kubwa, safari ya siku nzima. Daktari wa huko alimchunguza kwa muda mrefu, kisha akaniita pembeni. Jicho la kushoto limekwisha, alisema, na kwa ugonjwa huu kilichopotea hakirudi. La kulia ni zima. Akitumia dawa ya matone kila siku litamfaa mpaka uzeeni. Nikamuuliza kama angetibiwa mwezi wa sita ingekuwaje.

"Pengine lingebaki na mwanga," alisema. "Siwezi kuapa."

Ningependa angeapa. Kwa "pengine" mtu hajui alie kiasi gani.

Kuanzia hapo nikawa mtoto mwema kupita kiasi. Nilimnunulia taa mpya ya mezani. Nilileta matone kabla hayajaisha, nilimpeleka kupimwa kila mwezi, nilifika mpaka siku za kazi. Mjomba alinishukuru kila mara. "Mungu akuzidishie," alisema, "wengine wana watoto wa kuzaa na hawapati haya." Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alizaliwa na meno.

Kilichokuwa kigumu zaidi ni mke wa mjomba. Yeye ni mwanamke wa maneno, na uchungu wake wote aliutoa kwa njia hiyo.

"Si nilikwambia nikusomee?" alimwambia huku akimdondoshea dawa. "Si nilikwambia? Tena kliniki wakakupigia wenyewe, ukajifanya unajua. Ukaidi wako umekula jicho lako. Tazama juu."

Mjomba alitazama juu. "Nilisoma vibaya, mama," alisema. "Basi tena."

Nami nilikuwa nimeketi pale pale, kikombe mkononi, nakunywa chai yao. Agosti nilijiambia nitasema akishapoa. Septemba nikajiambia ameshapoa, kwa nini nimtoneshe. Oktoba nikaona muda umepita sana, nikisema sasa ataniuliza nilikuwa wapi. Uongo hauna kazi kubwa: unauacha tu ukae, unajilisha wenyewe.

Mwanzoni mwa Desemba kliniki ilifungua tena uandikishaji wa daktari bingwa. Nilikuwa nimeijaribu kalenda kwa kila siku ya mwaka, mia tatu sitini na tano, moja moja, kwa mkono. Nikaenda kumwambia mjomba kwamba nimemwandikisha ili bingwa alitazame lile jicho la kulia.

Niliingia chumba cha mbele mchana, jua limejaa dirishani. Mke wa mjomba alikuwa akipiga pasi shuka. Mjomba aliketi kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani. Meza ya kukatia ilikuwa tupu. Hapakuwa na kitambaa, hapakuwa na chaki, na ule mkasi mkubwa wenye mshikio uliofungwa kwa ngozi, ambao hakuna mtu aliyeruhusiwa kuugusa hata kwa kusafisha, haukuwepo kwenye msumari wake.

"Mkasi uko wapi?"

"Nimempa fundi wa ng'ambo ya barabara," mjomba akasema. "Na wateja pia. Tangu Agosti nimekuwa nashona vipindo tu, kukata sikati. Sasa hata vipindo nimeviacha."

"Lakini jicho la kulia ni zima, mjomba. Daktari alisema. Unaona."

"Naona, ndiyo." Akatabasamu kidogo, ile tabasamu ya kumtuliza mtoto. "Tarehe ile pia niliiona. Niliiona waziwazi, na jicho hili hili. Ningekuapia kwa Mungu kwamba imeandikwa Agosti. Sasa niambie, fundi mwenzangu, macho yanayotazama Juni yakaona Agosti, uyape suti ya mtu uyaambie yakate?"

Pasi ilikuwa inatoa mvuke. Nilikaa kwenye kigoda changu cha zamani kwenye ncha ya meza, nikasema. Nilisema yote: toleo jipya, maelezo niliyoyaruka, simu ya Dada wa Dirishani, mzaha wangu kuhusu wagonjwa wa macho, kikaratasi cha majina matatu. Nilisema kwamba skrini iliandika Agosti, na yeye akasoma Agosti, kwa sababu ndicho kilichoandikwa pale.

Mke wa mjomba aliisimamisha pasi. Aliitazama kwa muda, kana kwamba amesahau inazimwaje.

"Miezi yote hii nimemsema mume wangu," alisema. "Kila siku ya Mungu. Na wewe umekaa hapo unanisikiliza."

Akaingia chumbani, akaiacha pasi imewaka. Mimi ndiye niliyeizima.

Mjomba hakupandisha sauti. "Kwa hiyo nilisoma sawa," alisema.

"Ulisoma sawa, mjomba."

"Agosti ilikuwa Agosti."

"Ndiyo."

"Na ulijua lini?"

"Kwamba kalenda imekosea, nilijua Juni. Kwamba wewe ni mmoja wao, nilijua siku ile kwenye benchi."

Alinyoosha mkono juu ya meza tupu, akahesabu kwa vidole, bila haraka, kama anavyohesabu vifungo. Agosti. Septemba. Oktoba. Novemba. Alipomaliza aliuacha mkono hapo hapo.

"La kalenda ni kosa la kazi," alisema. "Nalijua. Mimi nimeshamkatia bwana harusi suruali ikaishia kwenye kigimbi, na asubuhi yake ndiyo harusi. Hilo ningekusamehe pale pale koridoni, tungerudi nyumbani tunalia pamoja, na kesho yake ningerudi kwenye meza yangu na jicho langu moja. Nilikuwa na jicho moja zima, mwanangu. Wewe ulilijua. Umeniacha miezi minne niamini kwamba sina hata moja."

Kutoka chumbani tulimsikia mke wake akilia, na mjomba akainuka amfuate. Alikwenda akipapasa ukuta kwa kiganja, hatua kwa hatua, akipita chini ya zile karatasi za vipimo, ingawa mchana ulikuwa mweupe na mlango aliuona.